Mlio wa cheni ya taimingi kwenye pikipiki kuukuu: sikiliza kwanza kabla hujanunua tensiona

Pikipiki yangu ni Yamaha AG 200, ile ya mashambani yenye kerea mbele na nyuma. Niliinunua Kikuyu kwa mzee mmoja aliyekuwa ameiweka ghalani hadi kuku wakaanza kuatamia juu ya tangi. Siku ilipowaka, silinda ilitoa sauti ya kopo la misumari likitikiswa. Nikafanya kile anachofanya kila mtu akisikia sauti hiyo: nikashuka Grogan, kwenye maduka ya spea ya Nairobi, nikauliza tensiona, kile kidude cha kukaza cheni ya taimingi inayozunguka ndani ya injini, nikalipa, nikaifunga jioni ileile kwa mwanga wa simu. Asubuhi kelele ilikuwa palepale, na juu yake imezuka nyingine nyembamba kama ya mbu. Pesa zimekwenda na matatizo yamekuwa mawili.

Tensiona husingiziwa mengi. Kazi yake ni kufuata cheni inavyolika, kwa hiyo ikifika mwisho wa safari yake ikaanza kuachia kelele, imekuletea habari ya cheni. Na mjumbe hauawi.

Je, injini yako ina cheni hiyo?

Swali linachekesha, lakini nimemwona mtu wa bodaboda akizunguka Kirinyaga Road nusu siku akitafuta tensiona ya injini isiyokuwa nayo. Injini za muundo wa Honda CG125, pamoja na pikipiki nyingi za Kichina zilizoiga muundo huo, hufungua valvu (milango ya hewa na moshi) kwa vijiti virefu vinavyosukumwa kutoka chini, karibu na krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Hakuna cheni inayopanda ndani ya silinda. Hizo zikilia juu, tafuta tapeti, zile sehemu za kusukuma valvu, au vijiti vyenyewe. Yamaha DT, AG 100 na Suzuki TF ni za stroki mbili. Hazina kemshafti, yaani mhimili wa kufungua valvu, wala tapeti.

Boxer, TVS HLX, AG 200, Honda XL na nyingi nyinginezo zina kemshafti juu kwenye hedi, yaani kichwa cha silinda, na cheni ndiyo inayoizungusha. Angalia nyuma ya silinda, chini ya kabureta. Ukiona kidude cha alumini kama kidole gumba, kimeshikwa kwa boliti mbili, na mara nyingi kina boliti ya tatu katikati, umeipata. Usipokiona, usiseme haipo. Honda nyingi za zamani zimeificha ndani, nje ikabaki boliti moja na nati yake, na hizo nitazirudia huko mbele kwa sababu ndizo zinazodanganya watu zaidi.

Kwa kifupi inafanya kazi hivi. Gia ya kemshafti ina meno mara mbili ya ile ya krenki, kwa hiyo krenki ikizunguka mara mbili, kemshafti huzunguka mara moja. Upande wa mbele cheni huvutwa, hukaa imenyooka. Upande wa nyuma hurudi ikiwa imelegea, na hapo kuna ulimi mrefu wa mpira mgumu au plastiki wa kuikandamiza. Tensiona husukuma mgongo wa ulimi huo kwa mchi mdogo wenye springi nyuma yake. Mchi una meno upande mmoja, na pembeni kuna kizuizi kinachouruhusu kutoka na kuukataza kurudi. Pini za cheni zikilika, cheni hurefuka kidogo, mchi hutoka jino moja. Huendelea hivyo hadi meno yanaisha.

Inalia wakati gani?

Ukimwambia fundi "inalia", hujamwambia kitu. Mwambie inalia lini. Kabla ya kushika spana, endesha siku mbili tatu huku umetega masikio. Mimi hupita karibu na ukuta mrefu, au chini ya Expressway pale Westlands ambako zege hurudisha kila sauti, nikawa naongeza mafuta na kuachia. Sauti inayorudi kutoka ukutani huwa safi kuliko ile inayopanda moja kwa moja hadi ndani ya helmeti.

Inalia asubuhi tu, kwa sekunde chache. Usiku kucha oili imeteremka, huku juu kumekauka. Kelele ikikatika baada ya sekunde mbili tatu na isirudi mchana, pima oili kwanza, usifungue kitu. Zile Honda C70 na C90 za zamani zinahitaji uangalifu zaidi hapa, maana mchi wake hutegemea springi pamoja na oili. Oili ikichelewa, kelele nayo huchelewa kuondoka. Lakini kama inachukua nusu dakika, au inarudi injini ikishapata moto, endelea kusoma.

Inalia ikiwa imesimama inanguruma, halafu inapotea ukiongeza mafuta kidogo. Hii ndiyo sahihi ya cheni iliyolegea. Injini ya silinda moja ikinguruma taratibu haizunguki kwa mwendo sawa: pistoni inapigwa, krenki inakimbia, kisha inaburuta ikipanda kubana hewa. Cheni iliyolegea hufuata huo mvuto na kulegea, ikachapa ulimi na ukuta wa njia yake. Ukiongeza mafuta mwendo unalainika, cheni inatulia. Sauti yenyewe haina mpangilio: kacha, kacha-kacha, kimya kidogo, kacha. Ni kama mtu anayepepeta kokoto kwenye ungo wa bati.

Inalia ukiachia mafuta. Shuka kutoka Kikuyu kuelekea Kangemi ukiwa gia ya nne, ongeza mafuta, kisha achia ghafla. Mzigo kwenye cheni unageuka, ulegevu wote unahama upande, na kama upo utausikia mkwaruzo mfupi kabla injini haijatulia. Dalili hii pamoja na ile iliyotangulia zikikutana, nina uhakika wa kutosha kufungua.

Inanyamaza ukishika klachi. Basi acha habari za cheni. Weka nyutro, injini inguruma, vuta klachi, sikiliza, achia, sikiliza tena. Kelele ikija na kuondoka na klachi, iko kwenye basketi ya klachi au kwenye beringi za giaboksi. Kipimo hiki ni cha sekunde tano na hakihitaji chombo chochote, na bado watu hununua tensiona bila kukifanya. Mimi nikiwa mmoja wao.

Tik-tik-tik iliyo sawasawa kama cherehani. Hizo ni tapeti. Mlio wake una mpangilio, hupanda na kushuka pamoja na mwendo wa injini bila kurukaruka. Zipime injini ikiwa baridi kabisa, maana ya usiku mzima, kwa fila geji, vile vipande vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi. Kwa injini ndogo za aina hii nafasi huwa mara nyingi kati ya milimita 0.05 na 0.10, na kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho. Ndugu wa tapeti ni gasketi ya ekzosi inayovuja, nayo hutoa tik kama hiyo. Asubuhi, chuma kikiwa bado baridi, washa na upitishe kiganja karibu na shingo ya ekzosi. Utahisi pumzi. Masizi meusi pembeni ya shingo ni ushahidi tosha.

Mlio mzito wa kugonga, kutoka chini, unaozidi ukipanda mlima. Zima, panda matatu, mtafute mtu wa pikapu. Hiyo ni beringi ya konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki, na kila kilomita unayoongeza inakutoza. Mlio wa kugonga usio mzito sana, unaosikika injini ikiwa baridi na kufifia injini ikipata joto, mara nyingi ni pistoni iliyolegea ndani ya silinda; huo unaweza kuishi nao muda mrefu.

Mluzi au mlio wa mbu unaopanda na mwendo wa injini. Cheni imekazwa kupita kiasi. Hii ilikuwa zawadi yangu ya tensiona mpya, na nitaeleza nilivyoipata.

Oili kabla ya spana

Sitakaa sana hapa. Pikipiki inayoshinda kwenye foleni ya Jogoo Road hupoa kwa shida, kwa sababu injini ya kupozwa na hewa inahitaji mwendo ili hewa ipite. Oili huchemka, ikawa nyepesi kama chai ya rangi, na kila kilicholegea kikaanza kusema. Kama oili ina miezi, au huijui iliwekwa na nani, ibadilishe kabla ya kuhukumu chochote. Mimi hutumia 20W-50 yenye alama ya JASO MA, ambayo ni ya pikipiki zenye klachi inayooga ndani ya oili. Zile za magari zilizotengenezwa kupunguza msuguano ili kuokoa petroli zinaweza kufanya klachi iteleze.

Unapomwaga oili, toa na wavu wake, usiache. Mimina oili ya zamani kupitia kitambaa cheupe. Vipande vya plastiki nyeusi au kahawia ni ulimi unaosagika. Unga unaong'aa wa rangi ya fedha unaweza kuwa alumini iliyochongwa na cheni kwenye ukuta wa njia yake. Ukiona hivyo, huna haja ya kipimo kingine, injini inafunguliwa.

Bisibisi kwenye sikio

Chukua bisibisi ndefu, ncha iwe kwenye chuma, mpini kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Injini ikinguruma, gusa sehemu nne: mwili wa tensiona, kifuniko cha tapeti, kifuniko cha klachi upande wa kulia, na chini ya silinda karibu na krenki. Funga macho. Mahali ambapo kelele inakupiga kwenye fuvu ndipo ilipo. Angalia ekzosi isikuchome, na kama una nywele ndefu au skafu, zifunge. Kipande cha hozi ya maji nacho hufanya kazi hiyo, ila hozi husikia hewani zaidi kuliko ndani ya chuma.

Kuna kipimo kingine kwa tensiona zenye boliti ya katikati. Injini ikiwa imezimwa, toa boliti hiyo taratibu huku umeizuia kwa kidole, maana springi iko nyuma yake na hupenda kuruka. Springi ikishatoka, ingiza kijiti chembamba au bisibisi ndogo hadi iguse mkia wa mchi. Mwenzako awashe. Sukuma kwa nguvu ya kidole gumba tu. Kelele ikikatika hapohapo, ulegevu ndio tatizo, na springi au kizuizi hakifanyi kazi yake. Isipobadilika hata kidogo, rudi kwenye orodha ya dalili. Usisukume kwa kiganja na usigonge: kizuizi kitaushika mchi pale ulipoufikisha, nawe utakuwa umekaza cheni kuliko inavyostahili.

Itoe uisome

Hapa ndipo palipo na elimu yote, na hapa ndipo watu wanapobomoa injini.

Injini iwe baridi. Safisha nyuma ya silinda kwa brashi na petroli kidogo, kwa sababu mchanga wa Nairobi ukiingia kwenye tundu la tensiona unakwenda moja kwa moja kwenye cheni. Toa plagi ili injini izunguke kwa urahisi. Fungua vifuniko viwili vya mviringo kwenye kava la magneto, kushoto. Kwa spana ya bomba ingia katikati, uzungushe krenki kinyume cha mwendo wa saa, kwa upande gurudumu linavyokwenda mbele, hadi alama ya pistoni kuwa juu ilingane na mkato wa kava. Kwenye pikipiki nyingi alama hiyo ni herufi T. Alama hulingana mara mbili katika mzunguko mzima wa injini, kwa hiyo fungua kifuniko cha tapeti utikise kwa vidole: zote mbili zikicheza, uko kwenye kubana, na ndipo unapotaka. Zikiwa zimekaza, zungusha krenki duru moja tena.

Kwa nini usumbufu wote huo? Kwa sababu hapo springi za valvu hazisukumi kemshafti upande wowote. Ukitoa tensiona wakati valvu imebanwa, kemshafti inaweza kujizungusha ghafla na cheni ikaruka jino. Na ikishatoka, usizungushe injini hata nyuzi kumi. Nimemwona kijana kwenye gereji moja akiwa ameshika tensiona mkononi, akapiga kiki "kuangalia tu kama cheni inazunguka". Ilizunguka. Valvu ikakutana na pistoni, na kazi ya nusu saa ikawa ya wiki mbili.

Toa boliti ya katikati na springi kwanza, kisha zile mbili za mwili. Sasa usiusukume mchi. Utoe jinsi ulivyokuwa, uweke kwenye gazeti, uhesabu meno yaliyotoka nje na yaliyobaki ndani. Mchi uliotoka theluthi moja una cheni yenye maisha mbele yake. Ukiwa nusu, nunua cheni taratibu, usikope. Ukiwa umebakiza jino moja au mawili, tensiona imemaliza kazi yake yote na cheni imeisha. Ukiweka tensiona mpya hapo, nayo itatoka hadi mwisho siku hiyohiyo, kelele ikabaki kama ilivyokuwa.

Kisha bonyeza kichwa cha mchi kwa kidole gumba bila kugusa kizuizi. Haupaswi kurudi hata kidogo. Ukirudi kwa kurukaruka meno, meno au kizuizi kimelika, na hapo ndipo tensiona yenyewe inapokuwa na hatia. Yaweke meno kwenye jua uyaangalie kwa pembeni. Meno mazima yana ukingo mkali kama wa msumeno. Yaliyolika yameviringika na kung'aa upande mmoja. Sasa inua kizuizi, uusukume mchi ndani na kuutoa. Uteleze bila kukwama. Ukikwama, kuna masizi ya oili au kutu. Osha kwa mafuta ya taa, ukauke, ujaribu tena kabla ya kununua kingine. Springi ikiwa fupi upande mmoja, imepinda au imekatika, ibadilishe.

Ile tensiona ya kwanza iliyotoka kwenye AG yangu, niliyoitupa kwenye debe nikakimbilia Grogan, niliiokota wiki mbili baadaye ili niisome kama nilivyoeleza hapa. Meno yalikuwa mazima kabisa. Mchi ulikuwa umetoka wote. Na nyuma ya springi kulikuwa na kipande cha msumari wa inchi nne, kimekatwa kwa msumeno na kupigwa tupa kikakaa vizuri, kiasi cha sentimita moja. Kuna mtu, miaka iliyopita, alisikia kelele hiyohiyo akaamua kuipa springi mgongo. Kwa ufundi wa mikono nampa alama zote. Lakini springi iliyoongezewa nguvu husukuma ulimi kila saa, na ulimi ulipotoka baadaye ulikuwa na mfereji wa kuingiza ukucha.

Kuirudisha

Mbu wangu alizaliwa hapa. Nilifunga tensiona mpya mchi ukiwa nje, nikavuta mwili kwa boliti mbili hadi ukakaa. Ilikaa, kweli. Ila mchi ulikuwa hauna pa kurudi, kwa hiyo kila nyuzi ya boliti ilikuwa inakaza cheni. Wengine huvunja masikio ya tensiona kwa njia hii. Mimi yangu haikuvunjika, na ndiyo maana nilidhani nimefanya sawa.

Inua kizuizi, sukuma mchi ndani hadi mwisho, uachie kizuizi kiushike. Weka gasketi mpya, au kama ni ya ringi ya mpira, ringi mpya. Silikoni ikiwa nyingi hujikata ikaingia kwenye njia za oili, kwa hiyo kama huna budi kuitumia, paka kama siagi ya mtu bahili. Funga boliti mbili za mwili kwa zamu, kidogo huku na kidogo kule. Kwa boliti za milimita 6 kwenye alumini, nyutoni mita 10 zinatosha, yaani mkono mmoja na spana fupi. Ndipo uingize springi na boliti ya katikati na washa yake. Ukiwa mahali pa kimya utasikia mchi ukitoka: tik, tik, tik, hadi uguse ulimi.

Zungusha krenki kwa mkono duru mbili kamili, taratibu. Ikikwama mahali, simama, usilazimishe. Rudi kwenye T, ufungue kifuniko cha mviringo upande wa kushoto wa hedi kama kipo, uangalie alama ya gia ya kemshafti dhidi ya alama ya hedi. Zikilingana, rudisha plagi uwashe. Alama ya kemshafti ikiwa imechelewa kidogo, chini ya jino moja, ndivyo cheni iliyorefuka inavyoonekana. Injini kama hiyo huwa nzito kuondoka na hupenda kusukwasukwa kwenye kupanda.

Aina nyingine

Kuna tensiona ambazo mchi wake hutoka kwa kuzungushwa na springi iliyojikunja ndani, hazina springi ya kutoa. Nyuma zina skrubu ndogo ya kuziba. Itoe, ingiza bisibisi bapa nyembamba, zungusha kwa mwendo wa saa, na mchi utaingia. Shikilia hapohapo ukifunga mwili, kisha achia bisibisi.

Zile za Honda za zamani nilizoahidi kuzirudia. Zina springi ndani lakini hazijisogezi zenyewe: boliti au nati ya nje ndiyo inayoushika mchi, nao haujongei hadi mtu ailegeze. Ukilegeza, springi inasukuma, ukikaza inabaki hapo. Kwa muundo mwingine kazi hii hufanywa injini ikinguruma taratibu, kwa mwingine ikiwa imezimwa kwenye alama ya T, kwa hiyo fuata kitabu chako. Nimekutana na watu wawili waliouza pikipiki zao kwa bei ya kutupa kwa sababu ya "injini inayogonga", wakati ambapo nati hiyo haikuwa imelegezwa tangu pikipiki ihame mikono mara ya kwanza. Kabla hujakata tamaa na XL ya baba yako, tafuta nati hiyo.

Za kukazwa kwa mkono, zenye boliti ndefu na nati ya kufungia, ni rahisi lakini hazina huruma. Ingiza boliti kwa vidole hadi iguse na kuanza kukataa, funga nati. Spana ikishaanza kufanya kazi ya vidole, umepita.

Kama ni cheni

Beba cheni ya zamani mkononi. Usiende na jina la pikipiki tu, kwa sababu spea za modeli moja hutofautiana kwa miaka, na mwenye duka anataka kuuza. Soma maandishi ubavuni, mfano 25H, uhesabu viungo vya ya zamani, uhesabu vya mpya hapohapo juu ya kaunta. Muuzaji atakuita "mkubwa" na kukuhimiza. Endelea kuhesabu. Viungo vikizidi, tensiona mpya itaanza kazi ikiwa tayari imesafiri.

Nunua cheni pamoja na ndimi zote mbili, ule wa nyuma unaosukumwa na tensiona na wa mbele unaoiongoza cheni. Angalia meno ya gia ya kemshafti. Yakiwa yamepinda kama ndoano, nayo inabadilishwa, la sivyo itaila cheni mpya kwa miezi. Kwenye injini nyingi magneto lazima itoke, na itoke kwa pula ya nyuzi zake, yaani kifaa cha kuivuta. Fundi akichukua nyundo, mwambie kwa heshima asubiri, uende ukaazime pula. Nyundo huachanisha sumaku za ndani, na mwisho wa krenki hauna shukrani.

Cheni yangu mpya, ndimi mbili na ile tensiona ya Grogan iliyorudishwa vizuri, vilifungwa Jumamosi moja. Kacha-kacha ikaondoka, mbu akaondoka. Ikabaki sauti moja ya bati, nyembamba, inayotokea kwenye mwendo wa kilomita 45 kwa saa tu na si popote kwingine. Niliitafuta siku nne kwa bisibisi sikioni. Sauti inayosikika kwenye kasi moja tu ya kutembea mara nyingi ni kitu cha nje kinachotetemeka: ngao ya ekzosi, mguu wa kerea, boliti ya kushikia injini. Yangu ilikuwa namba pleti.